Fulana Niliyoigeuza Baada ya Swala ya Mvua

Juma lililopita lori moja lilifunguliwa turubai mbele ya gesti ninayofanyia kazi hapa Mikumi, na harufu ya mahindi yaliyoloa na kuvunda ikaingia mpaka mapokezi. Utingo wake alikuwa akiyapekua magunia kwa mikono, akitoa punje zilizokwisha kuota. Mimi nilikuwa naandika jina la mgeni kwenye daftari. Nilipoangalia nilichoandika, mahali pa jina palisomeka "Mvumi". Mgeni alicheka, akasema yeye anatoka Makambako. Nikamwomba radhi mara tatu, na nadhani ile ya tatu ndiyo iliyomtia wasiwasi.

Mimi ni mtu wa kufikiria jambo moja mpaka linanichosha. Nilimaliza chuo mwaka juzi, na barua ya maombi ya kazi naweza kuisoma mara saba, nikairekebisha mara saba, kisha nisiitume. Ndugu zangu wanasema ni uvivu. Sijawahi kuwaeleza kwamba ninachoogopa si kunyimwa. Naogopa kuomba. Ninyi nitawaeleza, kwa sababu hamnijui, na mtu asiyekujua hakatizi maneno yako.

Tulikuwa tunaishi Mvumi, Kilosa, katika nyumba ya matofali mabichi iliyokuwa karibu na mto kuliko ilivyofaa. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi Mwajuma, na mdogo wangu Shabani, aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu. Mwaka ninaoukumbuka kwa utamu tulivuna mahindi mpaka magunia yakajaa chumbani, yakafika sebuleni, tukawa tunayakalia kama makochi. Shabani alijifunza kupanda vitu kwa kupanda magunia hayo. Mwaka huo Baba alinunua redio kubwa na akapunguza kwenda msikitini. Hakukataa kwenda. Alisema amechoka, kisha alisema kesho, kisha hakusema kitu. Mama aliswali vilevile. Tulipokula wali na kuku alisema alhamdulillah, na tulipokula ugali na mlenda alisema alhamdulillah kwa sauti ileile, mpaka nikawa nadhani hatofautishi ladha.

Mwaka uliofuata mvua haikuja. Mahindi shambani yalifika magotini kwangu, yakanyauka. Baba akauza redio. Akarudi msikitini pia, na akawa anakaa safu ya mbele. Mama hakumtania hata siku moja, ingawa mimi nilitamani amtanie.

Ndipo ikatangazwa swala ya kuomba mvua. Tulitoka asubuhi kwenda kwenye uwanja wa mpira, watu wazima, watoto, wengine na mbuzi zao, kila mtu katika nguo zake za kila siku, kwa sababu ustadhi wetu wa madrasa alisema siku hiyo si ya kujipamba. Jirani yetu Mkristo alileta mbuzi wake akasimama nao mbali kidogo, akasema mvua ikija haitauliza mtu dini yake. Tuliswali rakaa mbili. Shehe alipomaliza hotuba aligeuka kuelekea kibla, akavua joho lake, akaligeuza na kulivaa tena, na wanaume nao wakageuza makoti na mashuka yao. Baba aligeuza koti lake kuukuu, bitana iliyochanika ikawa nje kila mtu aione. Ustadhi alikuwa ametueleza darasani: tunageuza nguo kwa kutumaini kwamba Mungu ataigeuza hali yetu.

Wanawake hawakugeuza kitu, na mimi niliona tumepunjwa. Nilirudi nyumbani, nikaenda nyuma ya choo, nikavua fulana yangu nikaigeuza, nikavaa gauni juu yake. Nikanyanyua mikono nikamwomba Mungu atupe mvua nyingi. Nilifikiri kidogo, nikaona "nyingi" haitoshi, nikaongeza: nyingi sana, mpaka nitakaposema basi.

Siku ya tatu ilinyesha.

Hamwezi kujua fahari niliyokuwa nayo. Nilikuwa darasa la nne na nilikuwa nimeshusha mvua. Watu walipocheza matopeni nilisimama barazani nikiwaangalia kama mwenye shughuli anavyowaangalia wageni wake wakila. Wazo likanijia kwamba nikiigeuza fulana irudi ilivyokuwa, mvua itakatika. Basi sikuigeuza. Niliivaa chini ya blauzi ya shule, nikalala nayo, nikamficha Mama asiifue. Shuleni lebo ilitokeza shingoni, na msichana aliyekaa nyuma yangu akaivuta mbele ya darasa zima. "Mwajuma kavaa nguo ndani nje," alisema. "Ndivyo wanavyovaa wanga." Walicheka. Mimi nilijiambia kwamba wanakula mvua yangu halafu wananicheka.

Mvua haikukoma. Wiki ya pili wazee walianza kwenda kuutazama mto, asubuhi na jioni. Mimi nami nilianza kuogopa, lakini mpunga wetu wa bondeni ulikuwa bado unahitaji maji, nikasema nitaigeuza Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Maji yalikuja Alhamisi baada ya adhuhuri, yakitokea milimani, na mvua kwetu ilikuwa manyunyu tu. Yalikuja ya rangi ya chai ya maziwa, yakiwa na miti ndani yake. Mama alinishika mimi na Baba akambeba Shabani, tukakata kuelekea kwenye tuta la reli. Mimi na Mama tulifika. Niligeuka nikamwona Baba maji yakiwa kifuani, kisha nikamwona ameshikilia mti, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye mti.

Shabani alipatikana siku mbili baadaye, chini sana, mashambani kwa watu. Alizikwa siku hiyohiyo. Tulikaa katika mahema kwenye uwanja wa shule, na watu walioweza kurudi kwenye mabaki ya nyumba zao walileta magunia ya mahindi yaliyoloa, wakayaanika juani. Hayakukauka, yalivunda. Ndiyo harufu niliyowaambia.

Hemani Mama alinivua nguo zilizolowa akanivalisha za msaada. Fulana ile sikuiona tena. Sikuuliza iko wapi. Nilikuwa nimekwisha kujihukumu, na mtu aliyejihukumu haulizii ushahidi.

Baada ya miezi michache tulihamia Mikumi, kwa sababu Baba alisema hawezi kulala akisikia mto. Alipata kazi ya kupakia na kushusha mizigo kwenye malori, na Mama akawa anauza mahindi ya kuchoma na machungwa kando ya barabara kuu. Tulipanga chumba kimoja. Baba hakuswali tena. Safari hii hakusema amechoka wala hakusema kesho. Kila Alhamisi Mama alifua kanzu ya Baba, akaipiga pasi, akaitundika kwenye msumari, na kila Jumamosi aliitoa ikiwa na mikunjo ileile, akaifua tena Alhamisi iliyofuata. 

Mimi niliswali. Nilisimama, nikarukuu, nikasujudu, kwa sababu niliogopa kuacha. Ila nikishatoa salamu nilinyanyuka upesi kabla mikono haijainuka. Niliogopa kuomba hata kitu kidogo. Nilipoumwa jino sikuomba lipone, nisije nikapoteza kinywa kizima. Mama aliniona. Aliniuliza mara moja mbona naondoka mswalani kama ninayekimbizwa, nikamjibu nina kazi za shule. Alinitazama kidogo, akaniacha. Yeye alikuwa akikaa kwenye sijida muda mrefu mno, na wakati mwingine nilidhani amepitiwa na usingizi.

Siku moja ya mwaka wa pili Mikumi nilirudi kutoka shule nikakuta kanga za Mama zimeloa damu. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilikimbia kumwita Baba kazini, akatafuta bodaboda, tukampakia Mama katikati, mimi nikafuata mbio kwa miguu mpaka hospitali. Nilipofika Mama alikuwa ameshaingizwa ndani, na Baba alikuwa amekaa nje kwenye benchi, viganja vimejaa vumbi la saruji aliyokuwa akishusha.

Nilikaa karibu yake. Kisha akasema bila kunitazama, "Mwajuma, wewe ndiye unayeswali. Muombee mama yako."

Nilisema siwezi.

"Huwezi nini?"

"Kuomba. Nikiomba atakufa."

Sasa alinitazama. Nilimweleza yote, kwa haraka na bila mpangilio: fulana, nyuma ya choo, nyingi sana, Ijumaa, lebo, wanga. Nilimweleza kwamba Shabani nimemuua mimi. Nilitegemea anipige. Nadhani nilitaka anipige, jambo liishe.

 Baba alijifuta vumbi kwenye suruali, akanishika mkono juu kidogo ya kiganja.

"Nilimshika hapa," alisema. "Nilimshika kwa nguvu. Nikaona anateleza, nikataka nibadilishe mkono nimshike vizuri zaidi. Ndipo alipokwenda." Hakuniachia. "Wewe mtoto umebeba kisichokuwa chako. Mwenyewe ni mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akisema hivyo. Miaka miwili tulikuwa tumelala chumba kimoja, kila mmoja na kosa lake chini ya mto wa kulalia, na hakuna aliyejua la mwenzake.

Muuguzi alitoka akatuambia Mama yu hai. Mtoto hakuwa hai. Alikuwa wa kiume, na hilo nilitamani asingetuambia.

Tuliporuhusiwa kuingia Mama alikuwa amelala chali, midomo imekauka. Baba alimpa pole. Kisha, sijui kwa nini hakusubiri, akamwambia niliyomwambia. Niliificha sura yangu kwenye shuka. Nilihisi mkono wa Mama kichwani, mzito na wa baridi.

"Fulana niliiona," alisema. "Nilikuvua mwenyewe kule hemani. Nikasema huyu naye kumbe aliomba."

Hakuwa na nguvu, akapumzika kabla ya kuendelea.

"Mwajuma, uwanja mzima tuliomba mvua. Shehe alipoomba wote tuliitikia amina. Shabani naye aliitikia, nilikuwa nimembeba mgongoni, alipiga kelele za amina mpaka watu wakageuka kumtazama. Sasa hebu niambie. Tuseme Mungu alimsikia nani?"

 Swali hilo nalibeba mpaka leo. Lakini hatia niliyoibeba kwa miaka miwili ilipungua uzito kidogo, nikalia kwa sauti, muuguzi akaja kuniambia ninyamaze kuna wagonjwa.

Nilipotulia nilimuuliza Mama kama yeye hana hasira na Mungu. Ni swali ambalo ustadhi angenichapa kwa kuliuliza. Baba alikuwa amesimama dirishani, na nikaona mgongo wake umeacha kutikisika kwa kilio, akisikiliza.

"Ninayo mengi ya kumwambia," Mama alisema. "Unafikiri kwa nini nachelewa kuinuka mswalani?"

Magharibi ilipoingia aliomba tumsogezee kanga ajifunike kichwa. Kwa damu ile hakuwa wa kuswali, alitaka tu kuomba dua, akiwa amelala vilevile, midomo ikitembea. Baba alitoka nje. Nilimfuata, nikamkuta kwenye bomba la ua akinawa mikono, vumbi la saruji likitiririka kijivu, akasukutua, akanawa uso, akaendelea mpaka miguu. Alitandika shati lake kwenye nyasi. Nilisimama nyuma yake, na kwa tabia yangu nikahesabu rakaa. Katikati alisimama kimya muda mrefu sana, kisha akageuza kichwa kidogo, jambo lisilofaa kwenye swala.

"Nimeswali ngapi?" aliniuliza.

"Mbili, Baba."

Maneno yale yalivunja swala, ilibidi aanze upya, na alianza upya.

Siwezi kuwaambia kwamba tangu siku hiyo mambo yetu yalinyooka. Mama hakuzaa tena. Baba aliendelea kuswali, akaacha, akarudi, na kanzu iliendelea kutundikwa kwenye msumari kila Alhamisi, wiki alizoivaa na wiki ambazo hakuivaa. Watu wa mtaani walimsifu Mama kwa subira, wakasema Mungu amempa moyo mgumu, hata huzuni haimwingii. Nami kwa miaka mingi niliamini hivyo, na niliona imani ni kipaji ambacho yeye alizaliwa nacho na mimi nimekikosa, kama sauti nzuri ya kuimba.

Nimechelewa kuelewa. Alipokuwa amelala chali na kanga kichwani, mtoto wa pili aliyempoteza akiwa amefungwa kwenye kitambaa chumba cha pili, hakuwa mtu asiyeumia. Alikuwa akimlalamikia Mungu, na hakukubali maumivu yale yamfukuze mbele ya Mwenye kulalamikiwa. Wakati wa magunia sebuleni alikuwa pale. Wakati wa mahema alikuwa pale. Nilidhani hatofautishi ladha, kumbe alizionja zote.

Leo asubuhi nimeswali alfajiri katika chumba cha nyuma cha gesti. Nilipotoa salamu miguu ilitaka kunyanyuka, kama kawaida yake. Nikabaki nimekaa. Nikainua mikono, nikaomba kazi, na afya ya wazazi wangu, na rehema kwa wadogo zangu wawili. Nilikuwa na hofu kubwa, lakini mikono sikuishusha.