Mchoro Uliovaa Nguo za Kijiji Kingine

Jua la asubuhi linamkuta Eluvia Xicay amepiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ya ushirika, brashi mkononi, karatasi pana mbele yake. Anachora huipili, ile blauzi ya kufumwa ya wanawake wa huku, ambayo kila kijiji kina mtindo wake, mstari baada ya mstari, kana kwamba anaifuma. Kando yake, juu ya kigoda, ameketi Mama Macaria Chopén, ambaye hafichi kwamba anamkagua.

"Huyo ndege wa kifuani ana kichwa kimoja," anasema Macaria. "Wetu wana viwili. Au kwenu Pamakal hata ndege wamepungukiwa?"

"Kwetu kimoja kinamtosha, mama," anajibu Eluvia, na anafuta.

Hakuna anayecheka. Mwaka jana binti wa Macaria, Odilia, aliuawa na mashine ya kusaga mahindi kijijini kwao, San Bernabé Chuitún. Utepe wa nywele zake ulinaswa na mkanda wa mashine. Kando ya mashine hiyo, ukutani, palikuwa na karatasi iliyochorwa na Eluvia.

Kazi ya Eluvia, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni kueleza mambo kwa picha: namna ya kuwasha mashine, bei ya kusaga beseni moja, fungu la kurudisha mkopo wa mashine na fungu la kununulia mkanda mpya. Wanawake wengi wa milimani hawasomi Kihispania, na lugha yao wenyewe hawakufundishwa kuiandika. Karatasi moja humpa quetzal mia nne, pesa za huku.

"Nilizoea kusema picha haihitaji shule," anasema. "Siku hizi sisemi."

Katika karatasi ile, mwanamke aliyechorwa alivaa huipili ya Santa Inés Pamakal, kijiji cha Eluvia, ya mtindo aliokuwa akiufuma marehemu mama yake. "Nilitaka apendeze," anasema. Kabla ya kuusogelea mkanda, mwanamke huyo wa pichani alizikusanya nywele zake na kuzifunga zote ndani ya kitambaa.

Huko Chuitún karatasi ilipendwa sana. Ila hakuna aliyefunga nywele. Odilia, msimamizi wa mashine, aliendelea kuziachia tepe zake ndefu mgongoni, kama wanawake wote wa kwao.

Baada ya mazishi Eluvia alikwenda Chuitún kuhani msiba, na mishumaa na sukari mkononi. Akauliza kama ile karatasi ilitundikwa.

"Ilitundikwa, dada," alijibu Felisa, mmoja wa wanawake wa kikundi chenye mashine. "Lakini si ilikuwa ya wenzetu wa Pamakal? Tulidhani ndivyo wanavyofunga vichwa huko."

Fundi wa ushirika anashikilia kwamba mchoro haukuwa na kosa. Kila hatua imo, mpaka rangi ya swichi. Eluvia habishani naye.

"Imo, ni kweli. Lakini nilikuwa nazungumza na dada zangu peke yao. Ningemkuta mwanamke yule barabarani, ningesema mara moja, huyu wa kwetu. Kwenye karatasi nikasahau."

Aliacha kuchora, akauza tortilla, chapati za mahindi, stendi ya mabasi. Wakati huo mashine ya Chuitún ilifungwa, ufunguo ukabaki kwa Macaria, na wanawake wakarudi kusagia jiwe. Walisema hawataifungua mpaka wapate mchoro wao wenyewe, na Macaria aridhie, maana lazima picha moja ionyeshe utepe na mkanda.

Mara ya kwanza Eluvia alipokwenda kumwomba ruhusa, Macaria alimjibu akiwa mlangoni. "Mwanangu nimeshamzika. Wewe unataka kumtundika ukutani?"

Eluvia aliondoka. Akarudi siku nyingine, akapukuchua naye mahindi bila kuomba kitu. Akarudi tena. Safari hiyo Macaria ndiye aliyeuliza:

"Bila utepe, wataelewa?"

"Hawataelewa, mama."

Macaria akaingia ndani, akatoka na huipili yake mwenyewe. Ya Odilia alizikwa nayo.

Sasa Eluvia anachovya brashi katika rangi ya zambarau. Macaria anamshika kifundo cha mkono.

"Zambarau ilikuwa yake. Weka kijani."

"Na uso, mama?"

"Mpe wa mtu mnene. Wangu alikuwa mwembamba."

Vijiji vingine sita vinasubiri karatasi. Eluvia amepanga kutotundika hata moja kabla ya kukaa na wanawake wa mahali hapo, kuwauliza wanaona nini, na yeye kunyamaza. Nauli atajilipia. Ataanzia Chuitún, Jumapili baada ya soko, na wa kwanza kuulizwa atakuwa Macaria.

Macaria hajaahidi kitu.

"Nitaitazama," anasema. "Nikijiona humo, nitaleta ufunguo."