Saa Tatu ya Mpishi

Saa tatu asubuhi. Mpishi wa boti ya watalii anakata vitunguu huku amejiegemeza mezani ili mawimbi yasimwangushe. Nje, visiwa vyeusi vya volkano vinafuka moshi, na huko hakai mtu. Jikoni pia yuko peke yake.

Ghafla sauti ya mwangalizi, anayetafuta wanyama kwa darubini, inashuka kutoka juu ya paa: "Nyangumi! Saa tatu!"

Anatupa kisu na kukimbilia dirisha pekee la jikoni, dogo kama sahani, upande wa kushoto wa boti. Maji matupu. Juu, watalii kumi na sita wanashangilia.

"Miguu yangu mizito," anajisemea akirudi kwenye vitunguu. "Nikifika, ameshazama."

Ana miaka hamsini na mmoja, na huu ni mwaka wa tisa anapika kwenye boti hii. Kila safari ni siku kumi na nne bila mtandao wa simu. Kupanda juu hawezi, maana jiko lenye moto haliachwi. Wageni hula wakisimuliana walichokiona. Yeye huletewa sahani tupu.

"Kuna siku naongea na sufuria," anajisemea. "Afadhali yenyewe, hainikatizi."

Ukutani kuna mchoro uliopauka: mwanamke dirishani, mbele yake nyangumi anayecheka. Aliuchora binti yake akiwa na miaka kumi, baada ya kuuliza kwa simu boti iliporudi bandarini, "Mama, umemwona?" Naye, kwa kuona aibu kurudi mikono mitupu, akajibu, "Nimemwona, mwanangu." Binti sasa yuko chuoni na bado anawasimulia wenzake.

"Uongo ule umenikaa kooni," anajisemea.

Jioni mwangalizi anashuka kufuata chai. Mpishi anamtania: "Nyangumi wako wananikimbia. Umeita saa tatu, nimechungulia kushoto, hola!"

"Kushoto? Dada, saa tatu ni kulia. Mbele ya boti ni kumi na mbili, tatu iko kulia."

"Hebu niambie, ikiwa saa tatu, mshale mfupi unakuwa wapi?" Anaelekeza kidole kwenye saa ya ukutani.

Mwangalizi anatazama. Ikiwa saa tatu, mshale huwa kwenye tisa, kushoto. "Lo! Sisi tunafuata namba iliyoandikwa kwenye saa. Watu wote huelezwa siku ya kwanza."

"Mimi nilikuwa jikoni."

Kumbe kila ilipoitwa "saa tisa", nyangumi alikuwa mbele ya dirisha lake, na yeye hakuinua hata kichwa. Wanacheka mpaka mwangalizi anamwaga chai. Kisha mpishi anabaki akijifuta macho, na vitunguu viliisha tangu asubuhi.

Imebaki safari moja, halafu boti inauzwa. Mwangalizi ameahidi kuita, "Dirishani!"

Mpishi ameshapanga la kufanya wakirudi bandarini kutoka safari hiyo.

"Nitampigia binti yangu nimwambie, 'Nimemwona.' Atasema, 'Mama, si ulishaniambia?' Nami nitamjibu, 'Hapana, mwanangu. Nilikuwa bado sijakuambia.'"