Siku Zangu Zilivyorudi Mwanga

Tulivuka ziwa kukimbia vita, mimi na mume wangu, tukashukia kwenye mwalo wa Katonga na fuko moja la nguo. Shangazi yake alitupa chumba mtaa wa Gungu. Mume akapata kazi ya kuvua dagaa; mimi, kwa kuwa nilijua kushona, nikapewa cherehani kwenye duka la vitambaa la familia ya Kihindi pale Mwanga.

Tangu tuvuke sikuona siku zangu. Mwezi wa kwanza nilidhani ni mimba, nikafurahi. Kufikia wa tano tumbo lilikuwa vilevile. Sikumwambia mtu.

Aliyeniuliza ni mama wa mwenye duka, bibi mfupi aliyeshinda karibu na mlango akichambua mchele.

"Binti, wenzako hapa kila mwezi kuna siku wanashika tumbo. Wewe sijakuona hata mara moja. Unapata siku zako?"

Mkasi ukanitoka mkononi. "Sipati, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu vita."

Hakunipa pole. Alinituma kwanza hospitali nikapimwe. Wakaniambia sina mimba, ila damu imepungua na nimekonda mno, wakanipa vidonge. Bibi alivisogeza karibu na macho, akavigeuzageuza. "Hivi meza. Mengine niachie mimi."

Hayo mengine aliyarithi kwa bibi yake; ni tiba ya jadi ya Kihindi, wenyewe wanaiita Ayurveda. Alisema mwili wangu umeingiwa na baridi na hofu, unahitaji kupashwa moto taratibu. Basi kila saa nne asubuhi aliniletea uji wa ufuta, tangawizi na sukari guru, na kijiko cha samli juu yake. Nilitakiwa kula nimekaa, cherehani imenyamaza. Maji ya baridi marufuku. Jioni nijipake mafuta ya ufuta ya vuguvugu tumboni na miguuni, kisha nilale mapema.

Mume wangu aliicheka ile harufu. Baada ya wiki akaomba naye apakwe mgongo, maana nyavu zilikuwa zinamuumiza. Hapo ndipo tulipoanza tena kuzungumza. Tangu tushuke kwenye boti, tulikuwa tunaulizana chumvi na maji tu.

Miezi ikapita, mashavu yakajaa. Siku moja nikiwa napinda sketi za shule, tumbo likakata. Nikakimbilia chooni, nikatoka nalia. Bibi akasimama upesi, mchele ukamwagika.

"Zimerudi," nikamwambia.

Akanikumbatia pale pale mbele ya wateja, akicheka na kusema maneno ya Kihindi nisiyoyaelewa.

Kama ni vidonge, ni uji, au ni kule kuulizwa tu na mtu, mpaka leo sijui. Binti yetu alizaliwa mwaka uliofuata, wakati wa mvua. Bibi alikuja Gungu kwa miguu, viatu vimejaa tope, anahema. Shangazi akamvutia kiti.

"Kiti baadaye," akasema, amenyoosha mikono. "Mtoto kwanza."