Finjani Aliyoiacha Elphas

Zamani finjani moja ya kahawa iliweza kumtoa mtu kifungoni. Siku hizi haimfungulii mtu hata geti.

Habari za finjani Elphas alizipata kwa Balozi, Mmarekani ambaye yeye Elphas alikuwa dereva wake Nairobi ujanani. Balozi alikuwa mbunge kwao miaka mingi, akaangushwa kwenye kura kwa kupinga vita, ndipo akatumwa kuwa balozi nchi za watu, kwanza Riyadh, kisha Nairobi. Huko alimwendea mkubwa mmoja kumwombea Mmarekani mwenzake aliyefungwa. Akapewa kahawa, akaitua chini bila kuionja. Kwa Waarabu wa kale, mgeni akifanya hivyo ana haja, na ni aibu mwenyeji kumwacha aondoke bila kunywa. "Kunywa," mkubwa alimwambia, "umepata." Mfungwa akaachiwa.

Balozi alizeeka, akarudi kwao, akafa. Elphas, mvi zimeshamwota, akafuata wimbi la waendao kutafuta kazi Saudia, akawa dereva wa kafili mmoja, bosi mdhamini wake, wa Aziziya, Jeddah. Nyumbani mwa bosi huyo walitumika Selipher na binamu yake Sellah, watoto wa kwao Vihiga.

Idi ilipokaribia, madam, mke wa bosi, akawaambia wafunge virago: baada ya sikukuu wangepelekwa Riyadh kwa ndugu yake bosi. Wasichana waliijua nyumba hiyo. Rosebellah, mtumishi aliyewatangulia, alitoka humo mgongo umejaa alama za kuchomwa kwa pasi, na tangu hapo hakusema neno.

"Mzee, tuokoe," Selipher alinong'ona walipotoa taka getini. "Pasipoti ziko kwa kabati ya bosi. Tukitoroka tutashikwa."

"Nitamwendea bosi kwa finjani, kama yule Balozi niliyewasimulia."

Sellah akacheka. "Aki, Mzee! Balozi alikuwa na bendera kwa gari. Wewe uko na nini? Jeki?"

"Nina adabu, mwanangu."

Siku ya Idi kafili aliwaita hata watumishi barazani, wanywe kahawa. Elphas alipokea kwa mkono wa kulia, akaketi zuliani, akaitua finjani mbele yake. Mgeni mmoja mwenye ndevu nyeupe alielewa. Akamgeukia mwenyeji, akingoja.

"Yalla, kunywa," bosi alisema.

"Nina haja, baba. Wasichana wasiende Riyadh."

Uso wa bosi ukaiva mbele ya wageni wake. "Haja ni ya mgeni. Wewe nakulisha mimi." Akaichukua finjani, akaimwaga kwenye sinia. "Halas, imekwisha."

Mwenye ndevu nyeupe akatazama zulia. Watu wa kale wangeinuka na kuondoka. Yeye alichukua tende nyingine.

Safari iliyopangwa baada ya Idi ikawa saa ileile. Elphas akanyang'anywa funguo za gari, akaletwa dereva mgeni, na yeye Elphas akaamriwa afungue geti. Akafungua.

Gari lilipita polepole. Sellah alikuwa amejifunika uso. Selipher alimtazama kupitia kioo, macho makavu, mpaka gari lilipokata kona kushika barabara ya Riyadh. Hakuwaona tena.