Ndama Aliyenyweshwa kwa Ajili ya Soko

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa tatu, mke wangu hajatimiza mwaka kaburini, nilipompoteza ndama aliyeniachia. Alikuwa jike, mweupe usoni, ameachishwa ziwa karibuni. Mke wangu aliagiza asiuzwe: azae, binti yetu apate pa kuanzia.

Mimi ni mtu wa Walikale, msituni, mashariki mwa Kongo. Nilikulia kwenye mihogo na mitego, ng'ombe siwajui. Kwa hiyo ndama nilimkabidhi shemeji, kaka yake marehemu, anayechunga kwenye vilima vya njia ya Kitshanga. Ndiyo desturi ya Masisi: mchungaji hukutunzia mnyama na kupata maziwa akizaa. Mnyama akifa, hukuletea ngozi, ujue hakumuuza.

Siku hiyo nilitoka Kashuga, tunakoishi, bila kumpasha shemeji habari. Nilimkuta kijitoni. Ndama alikuwa ameinama anakunywa bila kuinua shingo, tumbo limetanuka pande zote mbili. Kando yake kulikuwa na kibao chenye mabaki ya chumvi.

"Shemeji, mbona iko inakunywa hivi?"

"Acha inywe. Tangu juzi niliinyima maji."

"Juu ya nini?"

Akacheka, lakini hakunitazama. "Mutu wa musitu, hata hii haujui? Unailambisha chumvi, unaiacha na kiu, njo unaileta ku maji. Kesho mu soko inaonekana nene."

"Soko gani?"

Akaokota kile kibao cha chumvi. "Kwani dada yangu alikuwa anafanya nini na lengalenga yake? Si alikuwa anaitia mu maji, inasimama, bantu banainunua?"

Ni kweli. Alfajiri mke wangu alizitumbukiza mboga hizo za majani zilizolegea kwenye beseni, na kulipokucha majani yalikuwa yamekaza. Niliwahi kumweleza sababu, maana nilifika mwaka wa pili wa sekondari. Mwalimu wetu aliweka vipande vya kiazi kwenye sahani mbili. Cha maji matupu kilikuwa kigumu, cha maji ya chumvi kikalegea kama kitambaa. Alisema maji hupenya ngozi nyembamba ya seli yakielekea penye chumvi nyingi. Seli ya mmea ina ukuta: maji yakiingia, inavimba kidogo, inakaza, basi. Ya mnyama haina ukuta. Alichora duara ubaoni, akalikuza, akalikuza tena, kisha akalifuta kwa kiganja. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata. Sikudhani ni habari inayonihusu.

"Lengalenga haina damu," nikamwambia. "Itoe ku maji."

Tulimvuta pamoja. Alipopanda ukingo akakojoa, na mkojo ulikuwa mwekundu kama maji yaliyooshewa nyama. Hakuna aliyempasua kutazama, nasema ninavyoelewa: mwili ulikuwa umekauka na kujaa chumvi, maji yakaingia kwa ghafla, seli za damu zikavimba zikapasuka. Alianza kutetemeka, akapigapiga kichwa chini, akaanguka. Jua halijazama alikuwa amekufa.

Shemeji aliketi kwenye majani.

"Ulikuwa utaniambia nini?" nikamuuliza.

"Kwamba benye bunduki bameibeba." Akang'oa jani. "Haungeuliza."

Nisingeuliza. Huku kwetu, ambako wenye silaha huiba ng'ombe kila mara, maneno hayo yanatosha, mtu anakupa pole na mambo yanaisha. Jambo hilo liliniuma kuliko mnyama mwenyewe, kwamba alichukua msiba unaotupata sisi sote akanitengenezea uongo wake. Na alikuwa amesimama kando ya kitanda dada yake alipoagiza. Alimshika hata mkono.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu na ngozi, imekunjwa, mbichi. Desturi aliishika. Akaiweka mlangoni.

"Shemeji, uko na chumvi? Itaoza."

Jikoni kulikuwa na kopo la marehemu, nusu yake bado imejaa. Nilikuwa sijaligusa tangu matanga. Nikalitoa. Tukaitandaza ngozi, yeye akashika upande wa shingo, mimi nikamwaga chumvi yote na kuisambaza kwa mkono. Binti yangu alitoka, akatazama ule weupe wa usoni, akarudi ndani.

Baada ya muda chumvi ililowa, kisha maji yakaanza kutoka kwenye ngozi, yakitiririka polepole kufuata mteremko wa ua. Yalipomfikia shemeji, alisogeza miguu.