Shati Linalotoka Mwanga

Wivu ninao, sikatai. Ulianza siku mume wangu alipooa mke wa pili akampangia chumba Mwanga, mjini Kigoma, mimi nikabaki Ujiji kwenye nyumba tuliyoijenga wote wawili. Lakini ule ulikuwa wivu wa kawaida, wa kumeza na tonge la ugali ukashuka. Ulionikaba kooni ni wivu wa shati.

Mume wangu anaendesha bodaboda, na kijiwe chake kipo karibu na stesheni ya reli. Ni mtu mzima, nusu ya wenzake pale angeweza kuwazaa, na kinachomtofautisha nao ni mavazi. Vijana wanavaa majaketi ya plastiki yanayowapika jua likipanda. Yeye ni shati la pamba la mikono mirefu juu ya fulana nyeusi, kola imesimama, mikono imefungwa vifungo hadi mwisho ili upepo wa ziwani usiingie ukaijaza. Akifika kijiweni ndipo anaikunja, mara mbili tu, chini ya kiwiko. Abiria wa kike wanamchagua yeye kwanza, hilo najua, na aliyemfanya achagulike ni mimi.

Maana mashati yote nanunua mimi. Belo la mitumba likifunguliwa sokoni, nimeshasimama mbele. Naanza na kwapa, kisha viwiko, kisha nageuza kola niione imelika kiasi gani. Nachomoa uzi mmoja kwenye upindo nauchoma kwa kiberiti: ukiwa jivu na kunuka karatasi, hiyo ni pamba, ukijikunja kama kishanga cheusi, namrudishia mwenye meza shati lake. Rangi nachukua drafti za damu ya mzee na nyeusi, kwa sababu vumbi la njia ya Simbo ni jekundu na shati jeupe linaaibika kabla ya saa nne. Nikifika nyumbani naliloweka kwenye maji baridi yenye chumvi lisichuje, nalifua kwa sabuni ya mawese, kola naisugua kwa kiganja, wala siipigi brashi. Nalianika kivulini, limegeuzwa ndani nje. Pasi yangu ni ya mkaa, umeme ninao lakini ile nzito ndiyo niliyoizoea. Mwisho nalifukiza udi.

Sasa zamu zetu ni siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Mume wangu anaondoka kwangu na shati nililolipiga pasi, na siku ya tatu anarudi amevaa lililopigwa pasi kule. Ndipo nilipoanza kuumwa roho. Shati lilelile nililolichagua kwa mikono yangu lilikuwa linarudi zuri kuliko lilivyoondoka. Mkono una mstari mmoja, umenyooka kutoka begani mpaka kwenye kifungo. Mimi nikipiga, mstari wangu unateleza kwenye kiwiko, unazaa mwenzake. Nililinusa lile shati nitafute manukato ya yule mwanamke. Halikunukia kitu, sabuni tu. Nikasema anajidai huyu, hata udi hauhitaji.

Ningevumilia kama ingebaki siri ya chumbani. Lakini siku moja nilikuwa natoka Kibirizi na ndoo yangu ya dagaa, nikapita nyuma ya kijiwe, mume wangu hakuniona. Kijana mmoja alikuwa ameshika mkono wa shati lake.

"Leo mzee katokea Ujiji," alisema. "Tazameni, mistari miwili kama reli."

"Keshokutwa atatokea Mwanga," mwenzake akajibu. "Mstari wa huko unaweza kukata nyanya."

Wakacheka. Na mume wangu akacheka nao. Nilipanda bajaji mpaka Ujiji nimekumbatia ndoo, machozi yananilenga kwa hasira. Kumbe kijiwe kizima kinatusoma mikononi mwake, kinajua nani amemlaza na nani anamtunza vizuri zaidi.

Wiki mbili nilihangaika. Nilijaribu kulinyunyizia maji ya unga wa muhogo, likakauka likawa gumu, mume wangu akalalamika linamchuna shingo. Nilijaribu kupiga pasi likiwa bichi, nikaliunguza mkono. Mwisho nikaamua niende nikaibe ujuzi. Tangu yule mwanamke aolewe, mguu wangu haukuwahi kukanyaga kwake. Siku ya zamu yake, saa tisa alasiri, nilifunga dagaa kidogo kwenye mfuko kama kisingizio, nikaenda Mwanga.

Mlango ulikuwa wazi, pazia limepandishwa. Nilisikia sauti ya mume wangu kabla sijabisha hodi, nikasimama.

Alikuwa amevaa msuli na fulana, ameinamia meza iliyotandikwa blanketi, anapiga pasi. Yeye mwenyewe. Alijaza maji mdomoni, akaupulizia mkono wa shati, akaunyoosha kwa kiganja, akapitisha pasi taratibu mara moja. Mke mwenzangu alikuwa amekaa mkekani anachagua mchele. Na mume wangu alikuwa anamsimulia habari ya abiria aliyeshuka kwenye boti ya Kagunga na mbuzi, akang'ang'ania ampakate katikati yao kwenye pikipiki. Walipofika mzunguko wa barabara mbuzi akanyoosha shingo, akaanza kutafuna kola ya dereva, akameza na kifungo. Yule mwanamke alicheka mpaka sinia la mchele likamtoka magotini.

Kifungo kile nilikishona mimi. Nilipomuuliza mume wangu kimekwenda wapi, aliniambia, "Kimekatika."

Nikabisha hodi. Mke mwenzangu aliinuka haraka, akajifunga kanga vizuri. "Shikamoo dada. Karibu, karibu ndani." Alinipokea mfuko kwa mikono miwili, na uso wake haukuwa na ubaya wowote, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

"Kumbe ndiye anayepiga," nilisema, nikiiangalia pasi.

"Mimi sijui, dada. Nilimwambia mapema kabisa, pasi inanishinda. Akasema basi nitapiga mwenyewe, wewe kaa hapo tuzungumze."

Mume wangu alikuwa ameshusha macho kwenye kola.

Nilikumbuka mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Alishika pasi asubuhi moja, nikampokonya. Nilimwambia nenda barazani ukakae na wanaume wenzio, watu wasije wakasema sikufunzwa kwetu. Akaenda barazani. Na mpaka leo nikiwasha mkaa wa pasi, yeye anachukua kiti anatoka nje.

Nilirudi Ujiji nikiwa sina haja tena na mstari. Nilikuwa namwonea wivu yule mwanamke kwa sababu ya mbuzi, kwa sababu ya kile kicheko, kwa saa nzima ya mume wangu aliyokuwa anaipata kila zamu huku mimi napewa maneno mawili.

Zamu yangu ilipofika nilifua shati la drafti, nikalianua likiwa na unyevu. Nikatandika blanketi mezani, nikawasha mkaa, nikamsogezea pasi mume wangu. Kisha nikakaa chini na ungo wa dagaa niliokuwa nimeshawachagua tangu asubuhi.

Alinitazama, akaitazama pasi. Akaishika. Alijaza maji mdomoni, akapulizia, akaanza na kola kama fundi.

"Nisimulie basi ile ya mbuzi," nilimwambia.

"Si uliisikia kulekule," akasema.

Akaendelea kupiga pasi. Nilingoja, nikidhani labda anatafuta nyingine. Akamaliza mgongo, akamaliza mkono wa kulia, akamaliza wa kushoto, akalitundika shati kwenye msumari, kisha akachukua kiti chake akaenda barazani. Mstari ulikuwa mmoja, umenyooka kutoka begani mpaka kwenye kifungo.