Jirani Anajua Sukari ya Mke Wangu Kabla Yangu

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa. Isiolo ni mji mdogo na mimi natambulika. Majina yote humu nimeyabadilisha.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke na watoto ambao tayari ni watu wazima. Kazi yangu ni kununua mbuzi huko Oldonyiro na kuwauza hapa mjini. Mke wangu, tumwite Mama Mwenda, ni mtu nampenda sana, hata kama hatuambiani maneno hayo. Mwaka jana alianza kuchoka ovyo na kunywa maji bila kutosheka. Tulipoenda kliniki tukaambiwa ni kisukari aina ya pili. Akapewa dawa, na daktari akasema awe anapima mwenyewe nyumbani asubuhi kabla hajakula. Watoto walichanga wakamnunulia ile mashine ndogo ya kupimia sukari.

Hapo kliniki, kwenye foleni, alikaa karibu na jirani yetu, nimwite Ekai. Ni dereva mstaafu, alifiwa na mke, na yeye pia ana sukari. Wakaanza mazoea ya kupima pamoja. Kila asubuhi mke wangu anachukua kipochi chake anavuka mpaka kwa Ekai, wanakaa kwa benchi nje ya mlango, kila mtu na mashine yake na sindano yake. Kila mtu anawaona, hawajifichi. Lakini mimi niko upande huu wa ua wa mabati nasikia yote.

"Mama, leo umeamka na ngapi?"

"Saba nukta mbili."

"Hiyo ni namba ya kwenda nayo kanisani! Yangu hii nitaificha."

Halafu mke wangu anacheka. Ndugu zangu, si kale kacheko ka kunifurahisha mimi nikitoka safari. Ni kicheko cha msichana. Siku moja nilichungulia nikaona kidole kimekataa kutoa damu, na Ekai amekishika anakikamua polepole huku wakiongea mambo ya mvua. Mimi nachinja mbuzi bila kupepesa macho, lakini tone hilo la damu lilinishinda kutazama. Niliingia nyumbani nikamwaga chai yangu.

Nilijaribu kunyamaza. Kisha nikatoka Oldonyiro jioni moja, nikamuuliza mke wangu, "Sukari iko aje?" Akasema, "Iko sawa." Kesho yake nakutana na Ekai dukani, ananipa mkono kwa heshima zote, ananiambia, "Pole sana, jirani. Juzi mama alitutisha. Alikuwa anatetemeka na jasho linamtoka, kupima tukakuta tatu nukta nne. Nilimpa chai yenye sukari nyingi nikakaa naye mpaka ikapanda."

Nilimshukuru. Mnajua ni uchungu gani kumshukuru mtu kwa kitu kama hicho? Mke wangu nusura aanguke, na mimi naambiwa dukani mbele ya watu wa kununua unga!

Sasa nawaambia kitu sijawahi kumwambia mtu. Asubuhi moja akiwa bado anaoga, nilichukua mashine yake, nikaweka sindano mpya, nikajidunga kidole. Nilikuwa naomba moyoni iwe kubwa. Niliwaza, nikiwa na sukari na mimi, atakaa na mimi kwa benchi yetu. Ikasoma tano nukta moja. Niko mzima, na niliumia kana kwamba nimenyimwa kitu.

Alinikuta hapo hapo. "Baba Mwenda, unafanya nini na hiyo?"

"Nimejipima."

"Na?"

"Niko sawa."

"Sasa mbona umekunja uso hivyo?"

Nikashindwa kudanganya. "Nilitaka iwe juu. Ndiyo uwe unapima na mimi."

Nilidhani atacheka. Alikaa kitandani na taulo lake. Akasema, "Ekai akiona namba mbaya ananiuliza nimelala aje. Wewe ukiona namba mbaya unaniuliza nimekula nini. Hata hiyo ya kushuka nilikuficha kwa sababu ungenigombeza siku nzima."

Nilitaka kujitetea kwamba ni woga tu, kwamba nikiona namba kubwa naona kaburi. Badala yake nilimrudishia mashine yake. Nikamwambia, "Kesho nipe nafasi. Nikupime mimi." Akakubali.

Asubuhi iliyofuata nilinawa mikono, nikamdunga vizuri, nikasubiri. Ikasoma kumi na moja. Na usiku nilikuwa nimemwona na chapati! Chapati sikuitaja. Nikauliza kwa upole wote nilio nao, "Umelala aje, mama?"

Akanitazama kwa huruma, akasema, "Hayo ni maneno ya Ekai."

Akafunga kipochi chake, akajifunga leso, akavuka kwa jirani.

Ndugu zangu wa tumbo moja wananiambia nimkataze, kwamba mwanaume halisi hawezi kuvumilia hii. Lakini namjua mke wangu. Nikimkataza ataacha kwenda, na nahofia ataacha pia kupima, na hiyo sukari haitaningoja mimi nipoe hasira. Kumgombanisha na Ekai pia siwezi, maana sijamshika na kosa lolote, na pengine ndiye aliyemwokoa. Nikikaa kimya nateketea. Kila asubuhi nasikia lile lango likifunguka nakosa hata hamu ya kwenda kutafuta mbuzi.

Wanawake wa hapa, hasa nyinyi mlio na sukari, niambieni ukweli hata kama utaniuma. Mtu anaanza vipi kuwa mtu wa kuambiwa namba mbaya? Ama tayari nimechelewa? Nishaurini, mimi nifanye nini?